Ng'ombe walilala wapi? Kisa cha ziara moja ya Boma la Arusha

Swali lilitoka kwa binti wa Kidato cha Pili ambaye kwao ni Boma Ng'ombe, mji wa wilaya ya Hai. Tulikuwa tumesimama uani, ndani ya Makumbusho ya Elimu Viumbe pale Arusha, wenzake wanagombania kivuli, na dereva wa Coaster ameshanipigia mara mbili kuuliza tunatoka saa ngapi. Akanyoosha mkono kama wanavyonyoosha darasani: "Mwalimu, sasa hapa ng'ombe walikuwa wanalala wapi?"

Kundi zima likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikamwambia tutaongea baadaye, tukaingia chumba kilichofuata, na hayo maongezi ya baadaye hayakufanyika siku ile wala wiki ile.

Nafundisha Historia katika sekondari ya kata upande wa Moshi Vijijini. Naiandika ziara hii kwa sababu kila mwaka walimu wenzangu hupanga ziara za namna hii, na wengi wetu tukishairudisha Coaster salama na watoto wamehesabiwa wote, tunaona kazi imekwisha. Yangu ilikwenda vizuri sana kwa kipimo hicho. Hakuna aliyetapika, hakuna aliyepotea.

Maandalizi yalikuwa yale mnayoyajua: kibali, barua kwa wazazi, michango inayoingia kwa mafungu hadi jana yake usiku. Wanafunzi 27, walimu wawili. Ratiba ilikuwa kuanza na Makumbusho ya Elimu Viumbe, jengo ambalo wenyeji wanaliita Boma la Mjerumani, kisha Makumbusho ya Azimio la Arusha, chipsi, na kurudi kabla ya giza. Kutoka Moshi ni kilomita 80 hivi, ila ukishafika Tengeru asubuhi acha kuhesabu kilomita, hesabu malori. Tulichelewa. Boma likapewa dakika 50.

Nilikuwa nimewaandalia karatasi ya maswali 20. Niliyatunga usiku, nyumbani, kitabu cha kiada kiko wazi mezani. Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, ila usiku ule nilijiona mwalimu makini kweli. Niliuliza Zinjanthropus aligunduliwa lini na nani. Niliuliza nyayo za Laetoli zina umri gani. Wakaingia na kalamu mkononi, wakipita mbele ya kila kitu wakitafuta sentensi ya kunakili. Wanyama waliokaushwa, wadudu waliochomwa pini na kupangwa kwa safu, mafuvu ya watu wa kale. Kwenye wanyama walichelewa kidogo, maana kumtazama chui jicho kwa jicho bila yeye kukufuata si jambo la kila siku. Chumba chenye habari za Wajerumani na mji wa Arusha kipo, na kimepangwa kwa picha na maelezo. Tulikipita kwa mwendo wa watu wanaowahi basi, kwa sababu hakikuwa na swali hata moja kwenye karatasi yangu.

Jumapili jioni nikasahihisha. Karibu wote walipata zaidi ya 15. Tarehe 17 Julai 1959, Olduvai, Mary Leakey. Miaka milioni 3.6. Yote sahihi, na yote yalikuwa kwenye kitabu ambacho walikiacha Moshi siku ile. Swali la 20 nilikuwa nimeliweka kujaza karatasi tu: taja jambo moja ulilojifunza ambalo halimo kitabuni. Chui akapata kura nyingi. Mmoja aliandika kwamba choo cha makumbusho kina maji. Yule binti wa Boma Ng'ombe aliandika mstari mmoja: "Nimejifunza kwamba boma linaweza lisiwe na ng'ombe."

Nikaweka kalamu chini.

Hebu tulichukue hilo neno. Kwa mtoto aliyekulia Hai, boma ni boma: ua wa miiba au miti, mifugo katikati, watu pembeni, fisi nje. Mmasai anayekuelekeza kwake anakuambia "boma langu lile pale". Lakini Mswahili alilitumia neno hilohilo kwa ngome, na Wajerumani walipoingia wakalikuta, wakalichukua, wakalibandika kwenye kila jengo lao la utawala. Ndiyo maana Bagamoyo kuna Boma, na Mikindani kuna Boma la mwaka 1895 ambalo baadaye liligeuzwa hoteli. Waingereza wakalirithi neno pamoja na majengo. Likazaa neno jingine, bomani, ambalo maana yake ni serikali. Mpaka leo wachumba wasiopitia kanisani wala msikitini tunasema wamefunga ndoa ya bomani, hata kama ofisi yenyewe iko ghorofani na ina kiyoyozi.

Kwa hiyo binti hakuuliza upuuzi. Aliingia nyumba inayoitwa kwa jina analolijua tangu utotoni, akatafuta kilichostahili kuwemo, hakukiona, akauliza. Huko ndiko kuisoma nyumba. Wenzake 26 walikuwa wanasoma vibao.

Na jibu lake lipo. Lilinichukua wiki mbili kukiri kwamba nilikuwa nalijua tangu siku ile pale uani.

Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri, Meru, siku chache tu baada ya kufika kuanzisha kituo. Kapteni Kurt Johannes, aliyekuwa mkuu wa Wajerumani Moshi, akaja kulipiza. Hakuja na askari wake peke yao. Alikuja na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga. Nyumba za Wameru na Waarusha zikachomwa, migomba ikafyekwa, na ng'ombe wakaswagwa kwa makundi kuelekea Kilimanjaro. Miaka mitatu minne baadaye, kati ya 1899 na 1900, Waarusha na Wameru haohao wakafanyizwa kazi kwa nguvu kusimamisha lile jengo jeupe juu ya Barabara ya Boma. Ng'ombe walilala wapi? Walilala kwetu.

Hilo si jambo jepesi kwa mwalimu wa Moshi kulisema mbele ya watoto wa Moshi. Na lina upande wa pili unaozidi kulichanganya. Tarehe 2 Machi 1900, mwaka uleule Boma lilipokamilika, Johannes huyohuyo alimnyonga mtini Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Old Moshi, palepale kwao pamoja na wenzake 18, miongoni mwao viongozi wa Meru na Arusha. Meli alikuwa ameshawapiga Wajerumani mwaka 1892 na wao wakamshinda mwaka uliofuata. Watoto wangu jina la Meli wanalijua vizuri. Wanajua ukoo umetafuta fuvu lake kwa miaka, na Septemba 2023 walisikia kwenye redio kwamba Berlin wamepima vinasaba na kukuta mafuvu matatu yana ndugu walio hai Tanzania, mojawapo likiwa la akida aliyekuwa mshauri wa Meli. Wasichokijua ni kwamba hadithi ya mti wa Old Moshi na hadithi ya ukuta wa Arusha ni moja, na ndani yake babu zetu wanaonekana mara wameshika mikuki upande wa Mjerumani, mara wamefungwa kamba na Mjerumani.

Mimi mwenyewe baba yangu ni Mchaga na mama yangu ni Mmeru. Sasa unaelewa kwa nini nilisema tutaongea baadaye.

Kilichonirudisha ni mama mkubwa, dada yake mama, anayeishi Ngare Nanyuki. Alikuja mjini kwa kliniki ya macho na mimi ndiye niliyempeleka. Tulimaliza mapema, jua kali, tukawa tunapanda taratibu kutoka Mnara wa Saa. Nikaona nafasi imejileta. Nikamwambia, "Mama mkubwa, tuingie hapa bomani tupumzike, kuna vivuli, nikuonyeshe na vitu vya zamani."

Akasimama. Akaukumbatia mkoba wake wa kitambaa kwa mikono miwili.

"Nani ametuita?"

"Hakuna aliyetuita. Siku hizi ni makumbusho. Unalipa kiingilio, unaingia."

Akanitazama kama anayeangalia mtoto aliyetumwa chumvi akarudi na sukari. Kisha akacheka mpaka akashika mti. "Nilipe niingie bomani! Baba yangu alikuwa analipa ili asiingie."

Hakuingia. Tulikaa nje kwenye jiwe, kivulini, chupa ya maji katikati yetu, na pale nje nilipata somo ambalo makumbusho yoyote yangelitamani. Babu alikuwa akihifadhi stakabadhi za kodi ya kichwa kwenye kopo la majani ya chai, kopo likining'inizwa kwenye nguzo ya nyumba mbali na panya, kwa sababu asiye na karatasi alikuwa anachukuliwa. Kodi yenyewe ilikuwa imeanza na Wajerumani, ikitozwa kwa nyumba, tangu 1898. Waingereza waliibadilisha sura, hawakuiacha. Kisha akanieleza habari za mwaka 1951, walipohamishwa Ngare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Watu wapatao 3,000 waliondolewa, nyumba zikatiwa moto. Yeye alikuwa mtoto wa miaka saba. Ya siasa hakuyajua. Anachokumbuka ni kuku aliyemkimbilia mama yake miguuni, na mama yake hakumchukua kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alifika New York kuisemea kesi ya ardhi ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Ardhi haikurudi kwa safari ile, lakini mama mkubwa analitaja jina la Kirilo kama mtu aliyetoka jana kwenda dukani.

Nikamuuliza kama amri ile ilitoka kwenye jengo hili hapa au jingine.

"Mwanangu, bomani ni bomani."

Nimelifikiria sana jibu hilo, kwa sababu linapingana na kazi yangu. Mwalimu wa Historia anataka jengo, mwaka, jina la afisa. Kwa mama mkubwa boma halina anwani. Ni kitu kinachokuita, na ukiitwa hujui utarudi saa ngapi. Ukimwonyesha mtoto ukuta mweupe bila kumpa hofu ile, umemwonyesha chokaa.

Nililinganisha na kilichotokea siku ileile ya ziara kule Makumbusho ya Azimio la Arusha. Hilo ni jengo dogo, lilikuwa ukumbi wa jamii wa Kaloleni, halina umbo la kumtisha wala kumvutia mtu. Lakini Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa mle kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, Azimio likatoka mle, likatangazwa tarehe 5 Februari, na mwaka 1977 ukumbi ukawa makumbusho. Wanafunzi waliingia na karatasi ileile ya kunakili, na bado waliuliza wenyewe: Mwalimu alikaa wapi? Meza ilikuwa upande gani? Pale nyumba na kilichohifadhiwa ndani yake vinasema jambo moja, na mtoto hawezi kuikosa nyumba hata akitaka. Bomani, jina la mlangoni ni Elimu Viumbe, macho yanakwenda kwa viumbe, na nyumba inabaki kuwa sanduku. Silaumu jina. Makumbusho ya elimu viumbe yana haki ya kuwa na viumbe. Kazi ya kuwaambia watoto kwamba wameingia ndani ya kielelezo kikubwa kuliko vyote ilikuwa yangu, na mimi nilikuwa natazama saa.

Kuna jambo la sheria ambalo watu wachache hulitaja, nami naona linahusu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Jengo la 1900 halimo katika hesabu hiyo. Ili lilindwe lazima mtu mwenye mamlaka atamke hivyo. Majumba mengi ya wakati wa Mjerumani na Mwingereza, Arusha na Moshi, yamesimama kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na haraka ya kuyabomoa, na mengine hayajasimama. Boma lilifanywa makumbusho mwaka 1987. Yaani kuna watu walikaa, wakaitazama nyumba iliyojengwa kwa kiboko, wakaamua isivunjwe na watoto waingie. Uamuzi huo peke yake ni kipindi kizima cha darasa, na haumo kwenye muhtasari wa somo.

Basi nikarudi. Safari hii sikuomba Coaster, nilichukua wanafunzi 12 wa klabu ya Historia na tukapanda basi la kawaida stendi ya Moshi. Karatasi ya maswali sikuandaa. Mwalimu mwenzangu aliniuliza nitawapimaje, nikamwambia sijui, na nilikuwa nasema kweli.

Sharti lilikuwa moja: nusu saa ya kwanza hakuna kuingia. Wakae nje, wachore. Nikawaambia wajiweke mahali pa mtu aliyetoka Sekei au Poli mwaka 1900, ana mzigo wa mawe kichwani, anapanda kulekule walikopanda wao. Anaona nini? Dakika kumi za mwanzo zilikuwa mbaya. Wanachora maua. Wawili wanabishana kuhusu mpira. Nikaanza kujutia nauli. Kisha kijana mmoja ambaye darasani huwa hasemi akauliza kwa nini limewekwa hapa juu na si kule chini kwenye maji. Mwenzake akamjibu kabla yangu: ukiwa juu unawaona wanaokuja. Wakaacha maua.

Tulipoingia, hawakwenda kwa chui. Walikwenda dirishani. Dirisha limezama ndani ya ukuta, na binti mmoja akaweka kiwiko kwenye ukingo wa ndani akanyoosha vidole kuelekea nje. Havikufika. Dhiraa nzima na bado ukuta unaendelea. Wakaanza kupimana mikono, nani ana dhiraa ndefu, kelele kidogo, nikaogopa tutafukuzwa. Yule binti wa kiwiko hakuwa amecheka. Mkono wake ulikuwa bado umelala juu ya ukingo. Akasema, "Mwalimu, Arusha kuna baridi lakini si ya ukuta huu."

Tukaenda kwenye chumba cha habari za Wajerumani, tukakaa humo karibu saa nzima. Pale ndipo niliposema habari za 1896 na ng'ombe. Nilisema yote, na upande wa Moshi nikausema. Sikuwa nimejiandaa kwa ukimya uliofuata. Kisha yule kijana wa swali la maji akauliza, "Kwa hiyo sisi tulikuwa wabaya?" Nikamjibu kwamba Johannes alitumia ugomvi aliokuta baina ya majirani, na kwamba miaka minne baadaye aliwanyonga majirani wale pamoja. Sijui kama jibu lilimtosha. Aliandika kitu kwenye daftari na hakunionyesha.

Si kwamba mambo yote yalinyooka. Watatu bado waliandika kuhusu chui, na mmoja anaamini hadi leo kwamba Zinjanthropus alikutwa ndani ya Boma. Muda wa Azimio haukupatikana kabisa. Mwenzangu anasema nimebadilisha ziara mbili kwa ukuta mmoja, na kwa hesabu ya michango ya wazazi ana hoja.

Yule binti wa Boma Ng'ombe alikuwa miongoni mwa wale 12. Siku nzima hakuuliza chochote. Alikuwa amejifunza, kwa kicheko chetu cha kwanza, kwamba kuuliza kuna gharama. Kwenye basi la kurudi nikamwita akae kiti cha pembeni yangu. Nikamwambia swali lake la siku ile lilikuwa zuri kuliko maswali yangu 20, na kwamba nilicheka kwa sababu jibu lake lilinitisha. Akaangalia dirishani. "Sawa, mwalimu," akasema, kwa sauti ile ya mtoto anayemsamehe mtu mzima bila kutaka kulizungumzia zaidi.

Tukapita Kikatiti, tukapita njia panda ya KIA, jua linazama nyuma yetu. Tulipokaribia mjini Hai konda akatoa kichwa nje, akapiga bati kwa kiganja: "Boma hapo! Boma kuna mtu? Wa Boma asogee mlangoni!"

Binti akasimama, akaweka begi mgongoni, akanigeukia. "Mwalimu, mimi nashuka. Hili la kwetu ng'ombe wapo."